Milimita moja kwa siku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba subira ni dawa ya kuwalaza watu usingizi. Barua yake niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana nilitaka binti ninayemfundisha kazi naye aisikie. Aliandika kwa uchungu, na uchungu huo naufahamu. Anasema amengoja miaka sita jambo lake linyooke, na kila anayemweleza humjibu kwa methali ileile, subira huvuta heri, mpaka sasa akiisikia anahisi kama amefungiwa mlango usoni. Akamalizia kwa methali yake: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sina ugomvi naye. Methali zote mbili ni zetu, na wazee waliotuachia ya kwanza ndio waliotuachia na ya pili. Ila naona kuna kungoja kwa namna mbili, na barua yake imezifunga katika fundo moja. Hata mimi nilizifunga hivyohivyo, hadi mkono wangu wa kulia uliponilazimisha kulifungua.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 47, na kazi hii nimeifanya miaka 22. Mwaka jana niliteleza ngazini nikiwa nimekumbatia majora mawili ya kitambaa. Sikuyaachia, nikaangukia mkono. Mfupa wa juu, ule wa kati ya bega na kiwiko, ukavunjika katikati. Maumivu ya mfupa niliyatarajia. Kilichonitia hofu ni kiganja. Kilikuwa kimeinama kutoka kwenye kifundo, vidole vimejikunja nusu, na nilipokiamuru kinyanyuke hakikunyanyuka. Hakikuwa kinauma. Kilikuwa hakinisikii tu.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Kuna mshipa wa fahamu, yeye akiuita neva, unaotokea kwapani na kuuzunguka mfupa huo kwa nyuma kabla ya kushuka kwenye kiwiko. Huo ndio unaoamuru misuli ya kunyanyua kifundo, kunyoosha vidole na kufungua gumba. Nilimwelewa kabla hajamaliza kuchora, kwa sababu ndivyo uzi unavyokaa kwenye bobini. Bobini ikivunjika katikati, uzi nao hupata msukosuko. Akaniambia kwamba kwa watu waliovunjika kama mimi, bila jeraha la wazi, takribani 7 kati ya 10 neva yao hurudi yenyewe bila kupasuliwa, na kwamba kwa sasa tutangoja.

Nikamuuliza, tutangoja hadi lini?

Hakuniambia nisiwe na haraka. Hakuniambia niwe na imani. Alichukua rula akaiweka juu ya mchoro wake. Akasema neva iliyojeruhiwa hivyo huota upya takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka palipovunjika hadi msuli wa kwanza inaoutumikia, karibu na kiwiko, ni kama sentimita 10. Hadi misuli ya mwisho, ile ya gumba na kidole cha shahada, ni karibu sentimita 28. Kisha akaniachia hesabu niifanye mwenyewe.

Niliifanya usiku ule kwa mkono wa kushoto. Siku 100 kabla ya dalili ya kwanza. Miezi tisa au kumi kabla ya gumba. Mshono wangu wa kawaida kwenye cherehani una urefu wa milimita 2 na nusu. Maana yake ndani ya mkono wangu kulikuwa na fundi anayepiga mshono mmoja kila baada ya siku mbili na nusu. Mimi kwa cherehani ya umeme hupiga mishono mia kadhaa kwa dakika. Nililia, na si kwa sababu ya maumivu.

Nataka niseme wazi jinsi nilivyokuwa mbaya katika kungoja, ili yule msomaji asidhani anajibiwa na mtu mwenye kifua kipana. Wiki sita za kwanza nilikuwa na hasira na kila aliyekuja kunipa pole. Kawia ufike, waliniambia. Haba na haba hujaza kibaba. Walisema kwa mapenzi, najua, lakini mtu anayekupa methali hakwambii umefika wapi, na mimi nilikuwa nataka kujua nimefika wapi.

Basi wiki ya saba nikaenda kwa mtu mmoja, ambaye sitamtaja, aliyeniahidi kwamba kwa siku saba kiganja kitanyanyuka. Alinivuta mkono na kuukanda kwa nguvu hadi nikaona giza. Mfupa ulikuwa haujashikana vizuri. Nilirudi hospitali ukiwa umevimba, na picha ikaonyesha kwamba tumeponea chupuchupu. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu huyo mtu aliniahidi nini. Nikamjibu, siku saba. Akasema, "Anajua unachokitaka." Neno hilo nimelifikiria sana. Sikwenda kwa yule mtu kwa sababu ya kukosa akili. Nilikwenda kwa sababu alinipa tarehe.

Wiki hiyohiyo pasi iliniunguza. Neva hii, pamoja na kuamuru misuli, huleta hisia za sehemu ya nyuma ya kiganja, pale kati ya gumba na shahada, na kwangu sehemu hiyo ilikuwa imekufa ganzi. Nilikuwa nimeinama juu ya meza nikiweka sawa upindo kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umelala kando kwenye banzi lake. Binti akapiga kelele, "Mama, mkono!" Nikaangalia. Ngozi ilikuwa imegusana na ubavu wa pasi na tayari inabadilika rangi, nami sikuwa na habari. Kovu lipo mpaka leo, lina umbo la mwezi mchanga. Tangu siku ile nilijifunza kuuangalia mkono wangu kama mtu anavyomwangalia mtoto anayetambaa. Macho yakafanya kazi ya ngozi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonibadilisha, ambalo nadhani ndilo linalokosekana katika mazungumzo yetu yote kuhusu subira.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, alinifundisha kupima. Unaanza chini, karibu na kifundo, unagonga polepole kwa ncha ya kidole ukipanda kufuata njia ya neva. Chini hakuna kitu, ni kama kugonga meza. Unapanda, hakuna kitu. Halafu unafika mahali fulani, na palepale cheche kama za umeme zinashuka hadi nyuma ya kiganja, kule ambako pasi inaweza kukuunguza usijue. Hapo ndipo nyuzi changa za neva zilipofika. Mwezi unaofuata unagonga tena. Pakiwa palepale, kuna tatizo. Pakiwa pameshuka, neva inatembea.

Aliniambia kwamba kipimo hicho kiliandikwa mwaka 1915, katikati ya vita kuu ya kwanza, na madaktari wawili waliokuwa pande mbili za vita hiyo, kila mmoja kivyake: Jules Tinel wa Ufaransa, na Paul Hoffmann aliyekuwa upande wa Ujerumani. Wote wawili walikuwa na askari waliojeruhiwa neva, na wote walikabiliwa na swali lilelile: yupi aachwe apone mwenyewe, na yupi apasuliwe? Wanaume wanauana mashambani, na pande zote mbili kuna mtu ameinama juu ya mkono wa majeruhi, anagonga kwa kidole na kusikiliza. Mimi si mtu wa vitabu, lakini habari hiyo ilinikaa moyoni.

Nami nikachukua chaki yangu ya kuchorea kitambaa nikaweka alama pale cheche zilipoanzia. Nikapima kwa futi yangu ya kushonea kutoka ncha ya bega na kuandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho, chini ya vipimo vya wateja: sentimita 19. Mwezi uliofuata, 22. Mwezi uliofuata, 23 tu.

Sentimita moja kwa siku 30! Usiku ule sikulala. Niliona neva imekwama. Asubuhi nikaenda kwa yule kijana na daftari langu, naye akaniomba nimwonyeshe jinsi nilivyopima. Nikamwonyesha. Akanikunjua kiwiko taratibu. Nilikuwa nimepima mkono ukiwa umekunjwa zaidi kuliko mwezi uliopita. Mimi, ambaye kila siku huwaambia wateja wasimame wima wakipimwa, kwa sababu mkono uliokunjwa na ulionyooka havitoi kipimo kimoja! Tukapima upya: 25. Neva haikuwa imekwama. Hofu yangu ndiyo iliyoshika futi.

Namna neva inavyoota, fundi yeyote ataielewa haraka. Uzi wa neva ukiumia vibaya, sehemu iliyobaki chini ya jeraha hufa na kusagika. Mwingereza mmoja, Augustus Waller, aliliona hilo kwenye ulimi wa chura na kulieleza mwaka 1850. Lakini mfereji uliokuwa umeubeba uzi ule hubaki, na uzi mpya kutoka juu huingia humo na kusonga mbele. Ndivyo tunavyopitisha lastiki kiunoni mwa sketi. Unaifunga pini kwenye ncha ya lastiki, unaiingiza kwenye upindo, unaikunja na kuisukuma. Anayekuangalia haoni lastiki. Haoni chochote, ila kivimbe kidogo cha pini kinachosogea chini ya kitambaa. Na ukiwa na haraka ukavuta kwa nguvu, pini huchomoka ndani ukaanza upya. Kugonga kwa kidole ni kutafuta kile kivimbe.

Kuanzia hapo sikuwa tena mtu anayengoja gizani. Neva haikuongeza mwendo hata kidogo. Lakini sasa nilijua kwamba kitu kinatembea, na kwamba kazi yangu ni kuhakikisha kikifika kikute nyumba imesimama. Kwa sababu viungo visivyotumika hukakamaa, na neva ikifika kwenye kidole kilichokakamaa imefika bure. Asubuhi, mchana na usiku nilikuwa nanyoosha kila kidole kwa mkono wa kushoto mara kumi, na kifundo mara kumi, na gumba mara kumi, kisha narudisha banzi. Kazi hiyo haina raha yoyote. Unanyoosha kidole na kinarudi kuinama mbele ya macho yako, kama hakukufanyika kitu. Mara 180 kwa siku, kwa siku zaidi ya 100, bila jibu.

Nimwambie pia yule msomaji kwamba daktari wangu aliifahamu vizuri ile methali yake. Subira aliyonipa ilikuwa na ukomo. Aliandika kwenye faili: mwezi wa nne ukiisha bila dalili, tunapima umeme wa misuli na kuzungumza kuhusu upasuaji. Kwa nini? Kwa sababu msuli uliokosa neva hunyauka, na ukikaa hivyo mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hata neva ikifika haitapata wa kumpokea. Kwa hiyo ndiyo, ngoja ngoja huumiza matumbo, na hospitalini wanalijua hilo.

Wiki ya 15 tulikuwa tumekaa, binti akishona kola, mimi nikiwa nakunja kiwiko gumba likielekea juu, kama nilivyofundishwa, huku binti amenishika kifundo kunizuia kidogo. Akaacha kuzungumza. Akasema, "Mama, rudia." Nikarudia. Chini ya kiwiko, upande wa gumba, kamba nyembamba ya msuli iliruka chini ya ngozi na kutulia. Ilikuwa nyembamba kuliko penseli. Haikunyanyua chochote. Tuliitazama ikiruka mara nane, hadi ikachoka ikaacha. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa peke yangu, kwa sababu ningedhani ni macho yangu.

Kifundo kilinyanyuka mwezi wa sita, kwanza kikisaidiwa, baadaye chenyewe. Vidole mwezi wa nane. Gumba mwezi wa kumi, kwa kutetemeka. Kila kimoja kwa zamu yake, kutoka karibu kwenda mbali, na hakuna hata kimoja kilichoruka foleni kwa sababu nilikuwa nakihitaji zaidi.

Nyuma ya kiganja hisia zilirudi vibaya kabla ya kurudi vizuri. Kwanza niliweza kuhisi sindano ikichoma, tena kwa ukali wa ajabu, lakini sikuweza kusema imechoma wapi hasa. Mguso mwepesi, ule wa kutofautisha hariri na pamba, ulichelewa sana, na bado haujakamilika. Nilidhani nina kasoro, mpaka nikasoma habari za Henry Head, daktari wa neva wa Uingereza, ambaye mwaka 1903, akiwa na miaka 41, aliomba akatwe tawi la neva hii hii kwenye mkono wake wa kushoto, kwa kuwa wagonjwa wake hawakuweza kumweleza vya kutosha wanavyohisi. Kwa miaka minne alikuwa akienda kwa mwenzake, W. H. R. Rivers, kule Cambridge, anafumba macho huku Rivers akimgusa kwa pamba, kwa sindano, kwa vitu vya moto na vya baridi, na kuandika. Hisia nzito zilitangulia. Hisia nyepesi za kupambanua zilifuata muda mrefu baadaye. Wataalamu waliokuja nyuma walibishana naye kuhusu maelezo yake, na hayo nawaachia wao. Mimi nilichochukua ni kwamba mtu mzima, msomi, alikaa amefumba macho miaka minne kungoja ngozi yake irudi, na akaona kwamba inafaa kuandika kila hatua.

Kuna jambo jingine ambalo sikukusudia kuliandika, lakini binti ameniruhusu.

Nilimpokea mwaka mmoja kabla ya kuanguka kwangu. Ana mikono mizuri lakini ni mzito wa kuanza, na mimi nilikuwa simpi nafasi. Kila alipokwama nilikuwa nampokonya kitambaa mkononi na kumalizia mwenyewe, huku nikimwambia, "Ona, ni rahisi." Yeye anaona, haelewi, na kesho anakwama palepale. Nilikuwa nawaambia watu kwamba binti huyu haendelei. Mkono ulipokufa nikawa siwezi kumpokonya kitu. Nilibaki na mdomo tu, na mdomo wenyewe ukaanza kugundua kwamba mambo mengi ninayoyafanya sijui kuyaeleza.

Kazi iliyokuwa inamshinda ni kuunga mkono wa gauni kwenye bega. Kila fundi anajua: juu ya mkono kitambaa ni kirefu kuliko tundu la bega, na ule urefu wa ziada lazima uugawe kidogokidogo hadi utoweke, bila kukunja. Wiki ya tisa alikaa nao tangu asubuhi. Akashona, kukatoka mikunjo miwili mbele. Akafumua. Akashona, mikunjo ikahamia nyuma. Akafumua. Mara ya tatu mkono ukaelekea nyuma kama wa mtu anayekimbia. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na nakumbuka vidole vyangu vya kushoto vilivyokuwa vinawasha kutaka kuchukua. Mara ya nne alinitazama akingoja nichukue. Nikamwambia, "Mwanangu, siwezi. Niambie unaona nini." Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nakivuta cha chini. Nadhani kinatakiwa kijiendee chenyewe." Sikuwahi kumwambia hivyo kwa mwaka mzima, kwa sababu sikuwa najua kwamba ndivyo ninavyofanya. Mara ya tano mkono ukakaa, mviringo, bila kunyanzi.

Mwaka mzima niliamini haendelei, kumbe nilikuwa namkatiza kila alipokaribia kufika. Nimemwomba radhi. Ameniambia hakukasirika, lakini mimi najua siku ngapi alirudi nyumbani kimya.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, sitakwambia usubiri. Sijui jambo lako ni lipi na hukulitaja. Nakuuliza tu alama yako ya chaki iko wapi. Miaka sita iliyopita ilikuwa mahali gani, na leo iko mahali gani? Kama imesogea, hata kwa mwendo wa kukatisha tamaa, basi ipo inayotembea usiyoiona, na kukaza kutaichomoa pini. Jaribu pia kukagua futi yako. Huenda unapima mkono ukiwa umekunjwa, kama nilivyofanya. Lakini kama haijasogea hata kidogo kwa miaka sita, na hakuna aliyekwambia mwezi wa nne wako ni lini, basi wewe umesema kweli na waliokupa methali wamekosea. Huko si kusubiri. Umeachwa barazani. Inuka ugonge mlango mwingine, na usijione mkosefu wa subira kwa kufanya hivyo.

Nawe Mhariri, nina ombi. Mnapotuletea habari za watu waliofanikiwa, tunaonyeshwa siku walipoanza wakiwa hawana kitu, kisha aya inayofuata tayari wamefika. Katikati mnaandika "baada ya miaka kadhaa". Naomba hiyo miaka kadhaa muiandike. Waulizeni mwaka wa pili ulikuwaje, walipima kwa nini, nani aliyewadanganya kwa siku saba, na ni lini walidhani imekwama. Vijana wanaosoma gazeti hili, akiwemo huyu wangu, wanaishi katika miaka hiyo, na hawaikuti kwenye kurasa zenu.

Leo ni mwezi wa 13 tangu nianguke. Kidole cha shahada bado hakinyooki chenyewe hadi mwisho. Kinaishia kama robo ya njia na kutetemeka. Vifungo nashona kwa taabu, matundu yake anashona binti. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kulia, kwa siku nne. Na yule msomaji, kama ataiona, namwomba atuandikie tena atueleze alama yake ilipofika. Nitaisoma kwa sauti, kama nilivyoisoma ya kwanza.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani